Pete ya Waya

Maboksi kumi na moja yalirudi Jumatatu saa nne asubuhi, na dereva aliyeyaleta hakutaka hata maji ya kunywa. Aliyapanga mlangoni, akampa Bosi karatasi atie sahihi, akasema, "Mimi wa kubeba tu, msinitukane mimi," akashuka ngazi mbio. Ndani mlikuwa na bodi mia mbili na arobaini, kila moja ukubwa wa kiganja, za kuunganisha mizani za maghala na mtandao wa kompyuta. Mteja alikuwa amezifunga kwenye mizani zake zote. Hakuna hata moja iliyofanya kazi.

Karakana yenyewe ilikuwa chumba kimoja kirefu, ghorofa ya pili, juu ya duka la mabomba. Upande wa dirisha alikaa fundi wa kulehemu, mwanamke wa miaka thelathini na sita, lenzi imefungwa kichwani kwa mpira wa suruali. Ng'ambo ya meza, uso kwa uso naye, alikaa mpimaji, na mpimaji ni mumewe. Mke analehemu, mume anapima, ikipita inaingia boksini. Wafungaji watatu wa maboksi walizoea kuwatania: "Nyie wawili, hivi hamkinaiani?" Miezi minne sasa walikuwa wameacha kutania.

Bosi hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Haya," alisema. "Kwenye kompyuta yetu zote zimepita. Kwa mteja zote zimekufa. Basi ama mkono uliolehemu una kasoro, ama jicho lililopima lina kasoro. Mimi si fundi. Mteja anataka barua Jumatano saa sita mchana: kosa ni la nani, na huyo mtu amefanywa nini. Asipoipata anahamia kwingine, na hapa tunafunga mlango, na mimi nikiwemo. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, Bosi," mpimaji alisema.

"Na wewe mama?"

Fundi wa kulehemu aliitikia kwa kichwa. Mmoja kati ya wawili, na wote wawili wanalala kitanda kimoja. Wafungaji walijitia kutafuta mkanda wa gundi chini ya meza.

Zamani Bosi alikuwa akimwita fundi huyu Mama Kitinda, kama wote. Kitinda alikuwa mtoto wao wa mwisho, wa kike, wa miaka minne. Homa ya siku tatu ikamchukua. Baada ya mazishi watu hawakujua wamwiteje mama yake. Kumwita Mama Kitinda ilikuwa kama kumtia kidole jichoni, na kumwita kwa jina la binti yake mkubwa hakuna aliyezoea. Basi wakakata katikati. Akabaki "mama" tu, mama wa hewani. Hakuna aliyekusudia ubaya, ila ndivyo ilivyokuwa, na nyumbani nako ikawa vivyo hivyo.

*

Jaribio la mpimaji halikuwa na uganga. Kila bodi ina chipu moja ambayo kazi yake ni kuongea kwenye waya. Unaiamrisha itume ujumbe, ujumbe unazunguka na kuirudia, halafu kompyuta inalinganisha: kilichotoka na kilichorudi ni kitu kimoja? Kikiwa kimoja, kioo kinaandika IMEPITA kwa kijani. Kikipungua hata herufi, IMEFELI kwa wekundu.

Jumatatu hiyo alizipima tena zilizorudi, moja moja. Imepita. Imepita. Imepita. Alipofika ya thelathini akachukua waya halisi, akaunganisha bodi na mtandao wa karakana. Taa ya tunduni haikuwaka. Akaiondoa, akaipima upya. Imepita.

"Inapita na imekufa," alijisemea. "Kwa wakati mmoja."

Ingekuwa zamani angeng'ang'ania jambo kama hilo mpaka asahau kula. Safari hii alilitazama tu, kama anavyotazama kila kitu siku hizi. Watu walimsifu kwamba amejikaza kiume. Hakuwa amejikaza. Alikuwa amekufa ganzi, basi, kuanzia kichwani hadi unyayoni, na ganzi haitaki sifa.

Alinyoosha mkono kuvuka meza. Mkewe akavua lenzi, akampa. Aliuchunguza mstari wa miguu ya chipu, kisha tundu la waya, kisha kile kidude cheusi kilichokaa kati yake, transfoma ndogo ambayo ujumbe wote hupitia ukitoka nje. Kila tone la risasi ya kulehemu lilikuwa limekaa mahali pake, linang'aa, halikuzidi wala kupunguka.

"Safi," alisema.

"Najua," mkewe alijibu.

Hayo ndiyo mazungumzo yao ya siku nzima. Hawakuwa wamegombana. Laiti wangegombana.

*

Jumanne asubuhi aliifungua programu yenyewe, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa muda mrefu. Mistari ilishuka. Kwenye mstari wa arobaini na kitu palikuwa na namba moja ambayo ilipaswa kuwa sifuri, nayo ilikuwa moja.

Namba hiyo inaiambia chipu ujumbe ugeukie wapi. Ikiwa sifuri, ujumbe unatoka nje, unapita kwenye transfoma, unafika tunduni, unageuzwa na plagi iliyochomekwa pale, unarudi. Ikiwa moja, hautoki kabisa. Chipu inajisemea tumboni mwake na kujisikia yenyewe. Hata ukiing'oa transfoma na tundu ukavitupa jalalani, itapita tu.

Chini ya programu kompyuta ilikuwa imeandika tarehe ya badiliko la mwisho. Aliisoma. Ilikuwa siku ya nne baada ya mazishi.

Hapo ikamrudia yote, bila machozi, kama mtu anayesoma habari za jirani. Ile plagi ya kugeuzia aliitengeneza mwenyewe: kichwa cha plagi, waya wa kwanza umeunganishwa na wa tatu, wa pili na wa sita, na kwa kuwa waya zilikuwa ndefu kidogo zilitoka nyuma kama kitanzi. Jumamosi walikuwa wakija na Kitinda karakanani, anakaa juu ya boksi chini ya meza, na kitu chake cha kuchezea kilikuwa plagi hiyo. Alikuwa akikivaa kile kitanzi kidoleni. "Pete yangu," alisema. Kila mara baba alipotaka kupima ilibidi aombe: "Bibi harusi, niazime pete." Naye atoe kwa maringo.

Siku ile aliporudi kazini alivuta droo na pete ilikuwa juu kabisa. Hakuigusa. Alisukuma droo ikajifunga, akafungua programu, akabadilisha namba moja ili kazi iende bila plagi. Alijiambia ni kwa siku hiyo tu. Siku zikafuatana, na yeye hakuwa mtu wa kuhesabu siku tena.

Sasa akaivuta ile droo. Mlikuwa na skrubu, kalamu iliyokauka na gundi. Pete haikuwamo. Aliinua macho kumwangalia mkewe, naye alikuwa ameinamia kazi, moshi wa risasi unampita usoni.

Akatengeneza plagi nyingine. Akarudisha namba kwenye sifuri. Rafuni palikuwa na bodi ya mwaka jana iliyohifadhiwa kwa mfano, bodi nzima isiyo na shaka. Akaichomeka. IMEFELI.

Jasho jembamba lilimtoka, na jasho hilo lilimshangaza, kwa sababu lilikuwa la hofu, na hofu ni kitu cha mtu aliye hai. Ikiwa hata bodi nzima inafeli, basi hajui kitu. Alikata plagi akaiunga upya. Imefeli. Alibadilisha tundu. Imefeli. Saa nzima ikaenda hivyo, wafungaji wakipita nyuma yake kimya kama wanaopita kwa mgonjwa. Ndipo akakumbuka, akajipiga paji la uso. Chipu ya namna hii ikiamka huanza kwanza kupatana na mwenzake wa upande wa pili: twende mwendo gani? Ukiigeuzia waya wake yenyewe, hakuna mwenzake. Itasubiri jibu mpaka kiama. Lazima uizuie kupatana, uiamrishe mwendo, amri ambayo zamani aliitoa kila asubuhi kabla ya kupima. Akaiamrisha. Imepita.

Akachomeka bodi ya kwanza iliyorudi. Imefeli. Ya pili, imefeli. Ya kumi, imefeli.

Saa saba mchana Bosi alichungulia mlangoni. "Mama, njoo ofisini kidogo." Mkewe aliweka pasi ya kulehemu kwenye kishikio, akaenda, akakaa kama dakika kumi, akarudi. Aliketi. Alifunga lenzi. Mpimaji aliona yote hayo na hakuuliza, alikuwa ameshika mita ya umeme.

Kufika jioni alikuwa amezing'oa transfoma saba. Hazikuwa za kawaida yao. Hizi hazikuwa na chapa wala herufi. Mguu mmoja ambao ulipaswa kuunganika na mwenzake ndani kwa ndani haukuunganika. Unagusa kwa mita, mita haitoi hata mlio. Saba kwa saba. Mkono wa mkewe haukuwa na doa. Kidude kilikuwa kibovu tangu dukani, na muuzaji mpya aliletwa na Bosi mwenyewe miezi mitatu nyuma, akijisifu kwamba amepata cha rahisi. Lakini jaribio la kweli lingekikamata kwenye bodi ya kwanza kabisa. Hilo lilikuwa lake.

*

Nyumbani palikuwa na vyumba viwili na ukumbi mdogo. Binti mkubwa, wa miaka kumi, alikuwa sakafuni na daftari la hesabu. Bibi, mama yake mpimaji, alikuwa ameshika ukumbi kwa maneno, kama kawaida yake. Tangu msiba yeye ndiye aliyekuwa akiongea kwa niaba ya nyumba nzima, la sivyo wangesahau sauti zao.

"Leo mmeingia kama mmetoka kunyolewa bila maji," alisema. "Kuna nini huko kazini?"

"Hamna kitu, mama," mpimaji alisema.

"Hamna kitu kina uso mrefu hivyo? Mkamwana, hebu niambie wewe."

"Kazi tu, mama. Bodi zimerudi."

"Zimerudi ziseme nini?"

"Ndiyo tunatafuta."

Bibi aliweka sahani ya chakula mbele ya mwanawe. "Tafuteni basi, na mkipata mseme. Mficha maradhi..." alianza, akaliona neno linalofuata, akalimeza. Wote walijua mwisho wa methali hiyo. Binti mkubwa alifuta jibu lake la hesabu, akaliandika tena vilevile.

Mpimaji alikula matonge matatu. Alitaka kumwambia mkewe: si wewe, risasi yako ni safi, nimepata. Lakini huwezi kusema namba bila kusema plagi, na huwezi kusema plagi bila kusema pete, na pete ina mwenyewe. Basi akaomba chumvi. Mkewe akamsogezea.

*

Jumatano saa tatu aliingia ofisini kwa Bosi na bodi mbili, plagi, na karatasi aliyoiandika kwa mkono.

"Nimepata," alisema. "Transfoma ni mbovu, zote. Na jaribio langu halikuwa linazifikia. Namba niliibadilisha mimi, tarehe iko humo kwenye kompyuta. Kulehemu hakuna kosa."

Bosi aliisoma karatasi mpaka chini, kisha akaanza upya juu. Hakuwa mtu katili. Alikuwa mtu mwenye mteja mmoja mkubwa.

"Transfoma," alisema. "Unataka nimwandikie mteja kwamba niliokota vidude vya bei rahisi?"

"Nataka uandike ukweli."

"Ukweli ni kwamba barua imeshakwenda, ndugu yangu. Jana saa nane."

"Barua gani?"

"Mkeo alitia sahihi jana. Kulehemu kubovu, uzembe, anaachishwa kazi. Nilimwomba achague: nyinyi wawili, nani? Hakufikiri hata dakika. Aliniambia, 'Heri nusu shari kuliko shari kamili.' Nikamwona mtu wa maana sana."

Mpimaji alikuwa bado amesimama, bodi mkononi. "Lakini si yeye."

"Najua sasa. Nifanyeje? Nimwandikie mteja, samahani, jana nilikosea mtu? Ataniuliza, 'Kwani wewe unajua nini?'" Bosi alishusha sauti, akawa kama anamsihi. "Nisikilize. Mkono wa kulehemu naupata kesho, wanapiga foleni pale chini. Kichwa cha kupima sikipati. Hata hili umelipata wewe, peke yako, kwa siku mbili. Rudi mezani. Transfoma nitarudisha za zamani kimyakimya, bodi zote tutazitengeneza, mteja atafurahi, nyumba yako itakula."

"Basi niondoke na mimi."

"Uondoke, halafu? Mkae wawili mtazamane? Si ndiyo kazi mliyokuwa mkiifanya hapa?"

Ulikuwa ni utani. Bosi alipoona haukuchekwa, akaikunja ile karatasi ya kukiri mara mbili na kuitia kabatini, akafunga kwa ufunguo. "Hii itakaa hapa," alisema. "Huwezi kujua. Siku nikiihitaji."

Mpimaji alijua maana yake. Alikuja kumtoa mkewe kitanzini, akatia shingo yake kwenye cha pili, na cha kwanza hakikulegea.

Alipotoka, upande wa dirisha ulikuwa mtupu. Pasi ilikuwa imechomolewa, waya wake umezungushwa vizuri. Lenzi haikuwepo, ilikuwa mali yake. Mfungaji mmoja akasema bila kumtazama, "Ameondoka sasa hivi, kaka. Ametuaga wote kwa mkono." Mpimaji akaketi. Palikuwa na bodi mia mbili na arobaini za kupima. Alichomeka, akachomoa, akachomeka, akachomoa, hadi saa kumi na moja. Hakuna aliyemwambia aache.

*

Alimkuta mkewe ukumbini, kopo la nyuzi na sindano mapajani, anashona begi la shule la binti. Bibi alikuwa uani anafagia. Mpimaji alivua viatu, akaketi kwenye kiti cha mbele yake, uso kwa uso, kama mezani.

"Kwa nini ulitia sahihi?"

"Mmoja alitakiwa."

"Risasi yako ilikuwa safi. Umeijua tangu Jumatatu. Kosa lilikuwa langu, nilibadilisha—"

"Najua."

"Unajua nini?"

Alikata uzi kwa meno. "Nakaa mbele yako, baba. Nilikuona siku ile. Ulivuta droo, ukatazama, ukafunga. Kutoka hapo hukuchomeka kitu tunduni tena. Mimi ndiye ninayekupa bodi, nisione? Kila siku nilisema leo nitamwambia, mwenzangu, hupimi. Nikifungua mdomo nasema, nikimwambia atoe plagi, atavuta ile droo. Nikaufunga." Alivuta pumzi. "Basi tulizipitisha wawili. Sikumdanganya Bosi sana."

"Haipo drooni."

"Haipo."

Alifukua ndani ya kopo, chini ya vishikizo na vipande vya utepe, akatoa kiberiti kilichofungwa kwa uzi. Ndani yake mlikuwa na plagi ya zamani, kitanzi cha waya kimechakaa rangi kwa kuvaliwa.

"Niliichukua kesho yake," alisema. "Nilijua ungeitafuta siku moja. Niliogopa ungeitafuta kwa ajili ya kazi."

Akaiweka mezani kati yao. Mpimaji hakuigusa mara moja. Kisha akaichukua, akajaribu kuitia kwenye kidole chake kidogo, na haikupita hata kwenye kucha. Ilimuuma, ikauma sana, na kwa miezi minne hakuna kilichokuwa kimemuuma.

"Kesho utakwenda kazini," mkewe alisema. "Usinifanyie ushujaa wa bure. Utakwenda, na mimi nitatafuta. Lakini hiyo haiendi. Tumia uliyotengeneza."

Alikubali kwa kichwa. Uani fagio la Bibi lilikuwa limenyamaza. Alitaka kusema samahani, akaona haitoshi. Akatafuta neno la kuanzia, na lililomjia lilikuwa moja tu, lile ambalo nyumba nzima ilikuwa ikilizunguka.

"Mama Kitinda," aliita.

Sindano ilisimama kitambaani.

"Abee," alisema mkewe.